Msikiti Uliohamia Baharini

Kila anayechora ramani ya Kilwa atakutana na kosa hili siku moja. Ramani za zamani za Tanzania zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya setilaiti hutumia WGS 84. Ukizisoma namba za ramani ya zamani kana kwamba zimetoka kwenye simu, kila kitu kinahama zaidi ya mita 300, kwa sehemu kubwa kuelekea kaskazini. Katikati ya pori usingegundua upesi. Lakini mji wa kale wa Songo Mnara, hukohuko Kilwa, uko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa chake, jirani na mikoko na maji. Hapo unaweza kuukuta msikiti wa mawe umesimama baharini.

Kosa hilo ndilo lililotufanya tutenge toleo hili kwa programu huria za sayansi. Kazi ya kugeuza vipimo hufanywa na programu iitwayo PROJ, na QGIS, chombo ambacho mwanafunzi anaweza kuchorea ramani bila kulipa hata senti, inaitegemea. Msimbo wa programu hizo uko wazi: anayetaka ausome, mwenye ujuzi aurekebishe. Marekebisho mengine hufanyika kambini. Watu hukutana siku mbili tatu, kila mmoja na kompyuta yake, wakagawana orodha ya hitilafu. Huyu anaandika, mwenzake anakagua, wa tatu ananyoosha mwongozo ambao hakuna aliyeuelewa. Kwa lugha ya Tanga, huo ni msaragambo, kazi ya pamoja.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, si ya wanahistoria. Sikubaliani nao. Mwanaakiolojia Peter Garlake alichapisha michoro yake ya majengo ya kale ya pwani mwaka 1966. Kuanzia 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliichunguza Songo Mnara kwa njia nyingine: kupima ardhi kabla ya kuichimba, kupima kemikali za udongo wa sakafuni, kutafuta chembe za mimea zisizoonekana kwa macho, ili kujua watu waliishije ndani ya nyumba zile na katika viwanja vilivyo kati yake. Matokeo ya namna hiyo hupita kwenye hesabu za kompyuta kabla hayajawa historia. Hesabu ikikosewa, historia imekosewa.

Uwezo tunao. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakazichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Agosti 2018 jiji hilohilo likapokea FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani. Hata hivyo, bado tumeelemea upande wa kutumia na kukusanya takwimu, na sababu naiona wazi: mhadhiri hupanda cheo kwa makala. Aliyekesha wiki nzima akirekebisha hesabu inayotegemewa na makala 100 za wenzake hahesabiwi kuwa amefanya utafiti.

Ninawaomba wakuu wa idara za mambo ya kale, jiografia na kompyuta wabadili hilo: kazi iliyopokelewa ndani ya programu huria iandikwe kwenye wasifu wa mtafiti na ipimwe kama makala. Kisha wawakutanishe wanafunzi wao, na wakutane Kilwa Masoko, ambako boti za Songo Mnara huondokea, ili anayerekebisha kipimo aende akaone kinachopimwa.

Nawe msomaji, kama kuna hitilafu uliyoizoea mpaka ukaacha kuilalamikia, iandike leo: ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukapata nini. Kambi huanzia hapo.