Biskuti zetu na mtama uliosahauliwa ghalani

Wahenga walituusia kwamba tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo ulinijia akilini majuzi nilipokuwa katika duka moja mjini Embu, nikimtazama mama mmoja akihesabu sarafu kiganjani ili anunue pakiti ya unga uliochanganywa tayari kwa kuokea. Watoto wake wawili walikuwa wakimvuta leso, wakitaka biskuti. Mama alizihesabu sarafu zile mara mbili, akairudisha pakiti mahali pake, kisha akawanunulia watoto biskuti za kiwandani, mojamoja. Sikumlaumu hata kidogo. Hata hivyo, nilitoka dukani humo nikijiuliza: ni kitu gani hasa kilichomo katika pakiti ile ambacho mama huyo hawezi kujitengenezea nyumbani kwake?

Jibu ni fupi. Mna unga wa ngano, mna poda ya kuumulia ambayo wengi wetu huiita bekingi pauda, mna chumvi, na katika aina nyingine mna mafuta na sukari. Basi. Hakuna siri nyingine. Historia yenyewe yalithibitisha jambo hili. Mwaka 1845 mwokaji mmoja wa Bristol, Uingereza, aitwaye Henry Jones, alipewa hataza ya unga unaoumuka wenyewe. Mwaka 1930 Carl Smith, afisa wa mauzo wa kampuni ya General Mills ya Marekani, aliandaliwa vitumbua vya ngano vilivyookwa papo hapo akiwa safarini ndani ya treni, akastaajabu jinsi vilivyokuwa tayari upesi. Mpishi alimweleza kwamba alikuwa amekwisha kuchanganya unga, mafuta, chumvi na poda ya kuumulia mapema. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaanza kuuza mchanganyiko wa namna hiyo kwa jina la Bisquick. Yaani, ndugu msomaji, bidhaa iliyopata sifa kubwa vile ilitokana na busara ya mpishi aliyekuwa na haraka ya kuwahudumia abiria wake.

Hoja yangu leo ni kwamba sisi wa Embu na Meru twaweza kujichanganyia unga wetu wa kuokea, na kwamba nafaka inayofaa kuingia humo ni ile ile tunayoipa kisogo: mtama na wimbi.

Nina sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Miaka kadhaa kabla ya 2013, wakulima wa Mbeere na Tharaka walihimizwa kupanda mtama mweupe wa aina ya Gadam, unaokomaa upesi na kustahimili ukame, ili wawauzie watengenezaji wa bia. Shangazi yangu, ambaye shamba lake liko upande wa Kiritiri, alikuwa miongoni mwa walioitikia mwito. Mwaka 2013 bia ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mtama huo ilitozwa ushuru wa asilimia 50, wanywaji wakaikimbia, na haja ya mtama ikaporomoka. Ushuru huo ulipunguzwa mwaka 2015, lakini kwa shangazi maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nilipomtembelea wakati huo nilikuta magunia yamepangwa hadi karibu na dari. Nikamwuliza atayafanyia nini. "Mwanangu," akanijibu, "kuku watakula, na wao hawatalipa karo." Kisha akaniandalia chai pamoja na biskuti za dukani, ambazo unga wake haukutoka Mbeere.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona kosa letu. Tulikuwa na chakula ghalani, lakini kwa kuwa mnunuzi mmoja hakuja, tulikiona kuwa si mali tena.

Kuna watakaosema kwamba mtama na wimbi haviokeki. Wana haki kidogo. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hufanya utando unaonyumbuka uitwao gluteni. Utando huo ndio unaoishika hewa na kuufanya mkate uinuke. Mtama na wimbi havina gluteni, na ndiyo maana anayeoka mkate kwa mtama mtupu hupata tofali. Lakini biskuti si mkate! Biskuti laini haihitaji kuinuka sana wala kunyumbuka. Kinyume chake, gluteni ikizidi, biskuti huwa ngumu kama kiatu. Kwa hiyo upungufu unaoufanya mtama uharibu mkate ndio huo huo unaoufanya usaidie biskuti kumeguka mdomoni. Ndugu zetu wa Zanzibar wamelijua jambo hili tangu zamani, kwani vileja vyao huokwa kwa unga wa mchele, nao mchele hauna gluteni vilevile.

Naamini kwamba mipango mingi ya kuchanganya unga imekwama kwa kuanzia mahali pagumu. Nchini Nigeria, katika enzi ya Rais Olusegun Obasanjo, serikali iliagiza unga wa muhogo uchanganywe katika unga wa mkate, na waokaji wengi wakalalamika. Hapa kwetu pia maafisa wamezungumza mara nyingi juu ya kuchanganya unga wa mahindi na nafaka nyingine, na mwananchi akahofia ladha ya ugali wake. Ugali na mkate ni vyakula vya kila siku, na mtu hakubali kuvifanyia majaribio. Tuanzie kwenye biskuti, ambapo ulimi hauna mazoea ya kulinda.

Nisije nikaambiwa kwamba nanena tu, nieleze namna tufanyavyo nyumbani kwangu. Twachukua vikombe vinne vya unga wa ngano na vikombe viwili vya unga wa wimbi au mtama mweupe uliosagwa laini. Twatia vijiko vitatu vikubwa vya bekingi pauda na vijiko viwili vidogo vya chumvi, kisha twachekecha vyote pamoja mara mbili. Halafu twafikicha kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia yaliyoganda hadi unga ufanane na chenga za mkate. Twauhifadhi katika mkebe mkavu wenye mfuniko wa kubana, mahali penye baridi, na kuutumia kabla ya mwezi kwisha, kwa maana unga wa wimbi haukawii kuchacha.

Siku ya kuoka, vikombe viwili vya mchanganyiko huo vyatosha. Twaongeza nusu kikombe cha sukari, yai moja, na ndizi moja iliyoiva hasa, iliyopondwa. Ndizi hiyo, ambayo Nkubu na Chuka zinazo tele, hushika unyevu na kuifanya biskuti ibaki laini hata kesho yake. Mwenye mkungu wa makadamia uani huzikatakata chache akazitia. Donge halikandwi, hukorogwa tu hadi unga mkavu usionekane.

Wala mtu asinitajie tanuri la umeme. Twaa sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu ndani, ifunike na kuipasha moto juu ya jiko. Weka ndani sinia dogo lenye vidonge vya donge, funika, kisha tia makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko yaliyo chini. Baada ya kama robo saa chungulia. Kingo zikiwa zimeshikana ilhali katikati bado pateketeke, epua mara moja, kwa sababu biskuti huendelea kukaza inapopoa. Wengi hukosea hapa: husubiri ikauke motoni, kisha hulaumu unga.

Maarifa haya si mageni kwetu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, mapishi na uokaji vilikuwa miongoni mwa mambo waliyofunzwa akina mama katika vikundi vyake. Wengi wetu tuliosoma baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 twakikumbuka kipindi cha sayansi kimu, ambamo hata sisi wavulana tulipima unga kwa vikombe. Hata hivyo, tulifunzwa kuoka kwa ngano peke yake, kana kwamba nafaka za nyanya zetu zilikuwa za uji tu. Hilo ndilo pengo linalostahili kuzibwa.

Siwi mpinzani wa ngano. Inalimwa kwetu pia, kule Timau, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Lakini ngano nyingi inayoliwa nchini Kenya hununuliwa ng'ambo, na mwaka 2022, vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine, sote tuliona jinsi bei ya unga ilivyopanda. Kila kikombe cha wimbi kinachoingia mkebeni ni kikombe cha ngano tusichokinunua kwa wageni. Isitoshe, wimbi lina kalisi nyingi mno kuliko ngano, jambo ambalo mzazi yeyote wa mtoto anayeota meno angependa kulisikia.

Ninayoyaomba si makubwa. Walimu wetu wanaofundisha mapishi wautie mtama katika vikombe vya kupimia. Vikundi vya akina mama vinavyokutana kila wiki vianze na mkebe mmoja, na vikiona faida, vitafute alama ya ubora kutoka kwa Shirika la Viwango na kuuza mchanganyiko wao katika maduka ya Runyenjes, Siakago na Maua. Wenye vinu vya kusagia wakubali kusaga mtama laini bila kunung'unika. Mkulima aliye na wanunuzi wengi wadogo, akiwamo jirani yake mwenye sufuria na mchanga, halazwi macho na ushuru wa bidhaa moja.

Shangazi amekwisha kuzeeka sasa, lakini bado analima. Mwezi wa Agosti wajukuu wake walimwokea biskuti kwa mtama wake mwenyewe. Alikula moja, akanyamaza, akachukua ya pili. Kisha akauliza gunia lile limebaki na kiasi gani, na akaagiza kuku wafungiwe mbali na ghala.