Chipu ya Kwanta ya Microsoft: Mbona Wanasayansi Wengi Wamekataa Kumeza Hii Stori?

Wasee, mnakumbuka Februari 19, 2025? Microsoft walitokea na chipu ya kutoshea kiganjani, wakaibatiza Majorana 1, wakasema wametengeneza hali mpya ya maada. Mitandao ikawaka. Lakini wanafizikia wengi walikunja mikono tu. Wacha niwachambulie kwa nini.

Kompyuta yako hapo inahesabu na biti, ama 0 ama 1. Kyubiti, yaani biti ya kwanta, inaweza kuchanganya zote mbili kwa wakati mmoja. Poa sana, ila ni delicheti noma: joto kidogo, mtikisiko kidogo, hesabu imeharibika.

Microsoft wakasema wana dawa. Unachukua waya nyembamba ya indiamu na aseniki, unaipaka alumini, unaipoza hadi karibu nyuzi 273 chini ya sufuri. Hapo unatafuta kitu kinachofanana na chembe ambayo Muitaliano Ettore Majorana aliitabiri mwaka wa 1937. (Huyo jamaa alipotea 1938, hakuonekana tena.) Ikipatikana, habari inagawanywa kwa ncha mbili za waya. Ni kama kurarua noti ya thao katikati na kuwekea mabeshte wawili: mwizi akimvamia mmoja, hajapata kitu.

Sasa kasheshe. 2018, kikundi cha Delft, Uholanzi, kilichokuwa kikishirikiana na Microsoft, kilitangaza kwa jarida la Nature kwamba kimepata ushahidi mzito. Wenzao wawili, Sergey Frolov na Vincent Mourik, wakaitisha data yote. Kumbe kuna data iliachwa nje, na ukiirudisha, ushahidi unayeyuka. Machi 2021 makala ikaondolewa. Jopo la wataalamu halikupata ushahidi kwamba walitunga data. Lilisema walibebwa na msisimko.

Ndio maana 2025 watu walikuwa macho. Siku ileile ya tangazo, Nature ilichapisha makala ya Microsoft, na wahariri wakaandika kwa faili ya ukaguzi kwamba matokeo hayo si ushahidi kwamba Majorana ziko ndani ya hicho kifaa. Soma hapo tena. Tangazo linasema tunayo, wahariri wanasema bado.

Microsoft walijitetea kwamba makala iliandikwa mapema na wamesonga mbele tangu hapo. Mwezi uliofuata Chetan Nayak, anayeongoza hiyo kazi, alisimama mbele ya wanafizikia kule Anaheim, Marekani, akaonyesha data mpya. Wengi walitoka bado na maswali. Na chipu yenyewe ina kyubiti 8. Ndoto ni milioni moja.

Mbona ujali? Juu kompyuta kubwa ya kwanta inaweza kuvunja kufuli nyingi zinazolinda siri za mtandaoni, benki ikiwemo. Marekani walishatoa viwango vya kufuli mpya Agosti 2024. Hakuna mtu anangoja.

Sisemi Microsoft ni waongo. Wanaweza kuwa sawa, na wakiwa sawa hiyo ni kitu kubwa. Lakini 2018 ukweli haukutoka kwa tangazo, ulitoka kwa watu wawili walioitisha data yote. Mimi campo niliachia njiani, sina karatasi, na hilo swali hata mimi naweza kuuliza: data yote iko wapi?