Nyimbo za Hanang si Burudani ya Mgeni Rasmi

Redio zetu zina vipindi vya zilipendwa, nami ni msikilizaji wao mwaminifu. Akisikika Marijani Rajab au Mbaraka Mwinshehe, watu wazima ndani ya basi la Babati hadi Katesh hunyamaza. Kila mmoja amekwenda zake, huyu kwa mchumba wa ujanani, yule kwa marehemu kaka yake. Sina ugomvi na muziki huo. Ugomvi wangu ni na wale walioamua, bila hata kukaa kikao, kwamba kumbukumbu ya Mtanzania inayostahili kutunzwa ni ile iliyopigiwa magitaa mjini.

Wimbo ulioniganda mimi sijausikia redioni hata mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi, nilitoka Dongobesh kwenda likizo kwa mjomba wangu upande wa Basotu. Jirani yake alikuwa bibi wa Kibarabaig. Jioni, akilainisha ngozi, aliimba kwa sauti ya chini wimbo mrefu. Mimi Mwiraqw sikujua Kidatoga, hivyo nilimwomba mjukuu wake anifasirie. Akajibu, “Anataja mahali tu.” Kisima, kilima, mti fulani, bonde la kulishia ndama, kaburi la mzee. Nikauliza mahali hapo ni wapi. Bibi hakukatiza wimbo. Alinyoosha kidevu kuelekea shamba la ngano.

Wanafunzi wangu wengi hawaijui habari ya shamba lile. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig wilayani Hanang, enzi hizo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na kulima ngano kwa matrekta. Pamoja na malisho, yalilimwa pia makaburi. Bung'eda ni tuta refu la udongo analojengewa mzee mwenye heshima, kwa shughuli inayochukua miezi, koo zikija kutoka mbali na kuimba. Kaburi na wimbo ni kumbukumbu moja. Trekta likipita juu ya kaburi, kinachobaki kuonyesha kwamba hapo palikuwa na watu ni wimbo.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Miongoni mwa sababu zake: hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni “wenyeji” kwa maana ya sheria ya ardhi tuliyoirithi kwa Mwingereza. Hebu rudia kusoma sentensi hiyo, ndugu msomaji. Watu walioweza kukuimbia kila kisima kwa jina walidaiwa uthibitisho wa uenyeji wao! Sisemi kwamba majaji wangekata shauri kwa kusikiliza ngoma. Nasema kwamba dola ilikuwa na ramani zake, hati zake na mawakili wake, wakati kumbukumbu za upande wa pili hazikuwa zimekusanywa na ofisi yoyote ya umma, kwa sababu ofisi hizo ziliziita burudani.

Na bado zinaziita hivyo. Mwenge ukija, au waziri, kikundi cha ngoma hupewa dakika tano uwanjani, na maneno ya wimbo hubadilishwa ili jina la mgeni rasmi liingie palipokuwa na jina la kilima. Kisha taarifa ya robo mwaka inaandikwa kwamba utamaduni umeendelezwa.

Nikisema haya najibiwa kwamba nachochea ukabila. Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alitaka tuchukue yaliyo mema katika mila za makabila yote tuyafanye mali ya taifa. Tutachaguaje mema tusiyoyasikiliza? Hoja nzito zaidi ni nyingine, na inanigusa mimi mwenyewe: zipo sifa za kale za Wabarabaig zinazomtukuza aliyeua simba, tembo, na hata mtu wa kabila jirani. Jirani huyo ni babu zangu. Nazo ningependa zirekodiwe, kwa sauti ileile na maneno yaleyale. Sitaki historia iliyosafishwa kwa ajili yangu, kama nisivyotaka iliyosafishwa kwa ajili ya NAFCO.

Kwetu Mbulu hatuna cha kujivunia. Slufay, ile dua ndefu ya kughani ambayo wazee wa Kiiraqw huiongoza na kadamnasi kuitikia, imeandikwa na watafiti wa Ulaya na Japani kwa bidii kuliko vyuo vyetu, changu kikiwemo. Mwanafunzi akitaka kuifanyia tasnifu, mara nyingi sisi wenyewe humshauri atafute mada “yenye soko”.

Nawaambia maofisa utamaduni wa Mbulu na Hanang, ambao najua baadhi yenu mnanisoma: simu iliyo mfukoni mwenu inatosha kuanzia, msisubiri bajeti. Kanda zozote za wilaya hizi zilizorekodiwa na Radio Tanzania na sasa ziko mikononi mwa TBC, ziombeeni nakala kwa barua rasmi. Nanyi wanafunzi mnaorudi nyumbani likizo, mkimrekodi bibi msiishie kwenye sauti nzuri ya kurusha mtandaoni. Mwombeni ruhusa. Muulizeni kila mahali anapopataja, mwende naye kama bado anaweza kutembea, muandike jina la kijiji na tarehe, na nakala ya kwanza ibaki kwa familia yake.

Mimi sikuuliza. Yule bibi wa Basotu alikwisha fariki nilipomaliza chuo. Mahadhi ya wimbo wake ninayo yote hadi leo. Majina ya mahali yamenibaki mawili.