Mbona Mimi Simo? Neno kwa Wanaolizika Gitaa

Ndugu msomaji, mimi si mwanamuziki wa kutajwa. Ni mtu wa riwaya. Nina madaftari manne yaliyojaa maandishi, cheti cha kidato cha nne kilichokunjika pembe, na gitaa moja la umeme ambalo si langu bali la mjomba. Kwa hiyo atakayesema, "Huyu naye anaingiliaje mambo ya vinanda?" namjibu mapema: naingilia kwa sababu nimechokozwa.

Aliyenichokoza ni bwana mmoja wa studio. Jina lake nalificha, na mji wake pia, maana sina ugomvi na mtu, nina ugomvi na maneno. Tulimwendea vijana sita kutoka Mlalo, tumeteremka na lori la kabichi alfajiri, ukungu umetanda hata dereva anaiona kona akiwa ameshaiingia. Tulikwenda na mjomba na gitaa lake. Tulitaka kurekodi nyimbo tatu, na mapigo ya gitaa ya nyimbo hizo aliyatunga mjomba mwenyewe, enzi zile akipiga muziki wa dansi Tanga mjini. Tena tulikuwa na hamu moja zaidi: gitaa hilohilo liendeshe vinanda vilivyomo ndani ya kompyuta, mjomba akipiga nyuzi itoke fidla, itoke filimbi. Tulisikia jambo hilo linawezekana.

Bwana yule akachomeka gitaa. Mjomba akapiga. Lo! Ikawa vurugu. Mjomba anapiga noti moja, kompyuta inatoa tatu. Anagusa uzi mnene, sauti inakuja baadaye, yeye ameshahamia noti nyingine. Anatelezesha kidole, sauti inapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Mnaona?" bwana yule akasema akicheka. "Gitaa limeshakufa, wazee. Hizi ni zama za kibodi." Akavuta kibodi, akabonyeza mdundo uliotengenezwa tayari kiwandani, akatafuta noti mbili tatu za juu, kazi ikawa imekwisha. Tukalipa. Tukarudi zetu milimani.

Usiku ule tuliketi kusikiliza. Mjomba alisikiliza nyimbo zote tatu mpaka mwisho, kimya. Kisha akauliza swali moja tu:

"Sasa mbona mimi simo?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi najibu leo.

Nasema hivi: gitaa halijafa. Kilichokufa ni ile tabia ya kuuliza "kwa nini". Mashine ilipokosea, bwana wa studio hakuuliza imekosea wapi, alifukuza gitaa. Na msidhani nawapendelea wa upande wa pili. Kuna wazee wetu, na vijana wenzangu pia, ambao waliposikia kisa hiki walisema, "Si tuliwaambia? Hayo madude hayajui mkono wa Mwafrika, yatupeni." Huyu anatupa gitaa, yule anatupa kompyuta, na wote wawili hawajauliza kitu. Ni uvivu uleule, umevaa suruali mbili tofauti.

Kabla sijaingia jikoni, tukumbushane ni kitu gani kinachotaka kutupwa. Mkoa wetu wa Tanga si yatima wa gitaa. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka Tanga, na katika miaka ya 1960 na 1970 zilisikika mbali sana ya Tanga. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikwenda kupiga mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mbaraka alifariki 1979, na hadi leo ukipiga mkanda wake kilabuni watu wanaacha bilauri mezani. Katika bendi zile magitaa yaligawana kazi: la solo, la ridhimu, la solo ya pili, na besi. Kila moja lilijua mahali pa kunyamaza ili mwenzake aseme. Ukilitupa gitaa hutupi ubao na nyuzi tu. Unatupa mazungumzo ya watu wanne ambao hawakukatana kauli.

Haya, tuingie jikoni.

Lugha ambayo kinanda huzungumza na kompyuta inaitwa MIDI. Waliikubali watengenezaji wa vinanda mwaka 1983. Haibebi sauti hata chembe. Inabeba taarifa: noti namba fulani imeanza, imebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, sasa imekwisha. Kwa kibodi kazi ni rahisi, maana kila kitufe ni swichi. Ukibonyeza, namba inajulikana hapohapo hata kabla ya sauti.

Uzi wa gitaa hauna swichi. Kompyuta inabidi isikilize uzi unavyotetemeka, ihesabu mitetemo, ndipo ibashiri namba. Uzi mnene kabisa, ukiwa wazi, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Maana yake mtetemo mmoja unachukua kama sehemu 12 za elfu za sekunde. Kompyuta haiwezi kuijua noti hiyo kabla mtetemo mmoja haujatimia, na mara nyingi inahitaji zaidi ya mmoja, kwa sababu pale kidole kinapong'oa uzi kuna kelele tupu. Uzi mwembamba hutetemeka kama mara 330; mmoja unakwisha kwa sehemu 3 tu za elfu. Basi uzi mnene hauchelewi kwa ubishi, unachelewa kwa hesabu. Huwezi kumtambua mtu kwa mwendo wake kabla hajapiga hatua.

Tena kila uzi unaimba na watoto wake: juu ya sauti kuu zipo sauti nyingine ndogo. Kompyuta ikimsikia mtoto badala ya mama, noti inaruka oktavu nzima. Na kidole kikisugua uzi, au uzi wa jirani ukitetemeka kwa kuambukizwa, kompyuta inadhani umepiga. Hizo ndizo zile noti za mizimu zilizomchekesha bwana wa studio.

Niliazima kompyuta na kisanduku cha kuingizia sauti kutoka kwa kijana mwenzetu aliyerudi likizo. Nilikaa nayo majuma matatu, riwaya nikaiweka kando. Nilichokiona ni hiki: kila kosa lina mlango wake. Piga hodi mlango sahihi.

Mosi, gitaa lenyewe. Nyuzi za mjomba zilikuwa na kutu. Uzi mkuukuu hautetemeki sawasawa, na kompyuta inababaika. Tulibadilisha. Halafu Mlalo asubuhi ni baridi, mchana jua; nyuzi zinahama. Tyuni kabla ya kila kikao. Kisha linganisha: uguse uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie ile sauti kama kengele, halafu uukandamize palepale na upige. Sauti zikitofautiana, kiti cha uzi kule nyuma kinahitaji kusogezwa. Mwangwi na ukwaruzaji wa makusudi vizimwe. Vitaongezwa baadaye kwenye sauti inayotoka. Kama unatumia programu inayosikiliza gitaa la kawaida, jaribu pikapu ya karibu na shingo (si ile pikapu ya kubebea kabichi). Ipo pia pikapu maalumu yenye masikio sita, kila uzi na sikio lake. Mwenye uwezo aitafute, inapunguza sana mkanganyiko.

Pili, kiasi cha sauti inayoingia. Ikizidi inapasuka, na sauti iliyopasuka inazaa mizimu. Ikipungua, noti laini zinapotea. Kuna kipimo cha wepesi wa kusikia. Wengine huweza kukirekebisha kwa kila uzi. Kipunguze polepole mpaka misuguo inyamaze, ukiona noti laini nazo zinanyamaza, rudi nyuma kidogo.

Tatu, uchelewaji wa kompyuta yenyewe. Kompyuta hukusanya kwanza kiporo cha sauti ndipo ifanye kazi. Kiporo hicho kinaitwa bafa. Kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 inakula karibu sehemu 12 za elfu, ya 128 inakula 3 tu. Na inaliwa kuingia, inaliwa tena kutoka. Punguza mpaka uanze kusikia mikwaruzo, kisha panda ngazi moja. Kwenye Windows tumia njia ya ASIO. Na jamani, msisikilize kwa Bluetooth! Hiyo peke yake inaweza kuongeza zaidi ya sehemu 100 za elfu. Tafuta hedifoni za waya, hata za dukani kwa Mangi.

Nne, yowe la paka. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwa kuwa dawa yake ni dakika moja. Mpigaji akipinda uzi au akiteleza, gitaa linapeleka taarifa ya kupinda noti. Vinanda vingi vya kompyuta hutafsiri kupinda kote kuwa nusu toni 2, wakati kigeuzi cha gitaa huenda kinahesabu nusu toni 12. Mmoja anapima kwa pishi, mwingine kwa kibaba, lazima wagombane. Weka namba moja pande zote mbili. Na kila uzi upewe chaneli yake, sita kwa jumla, ili ukipinda uzi mmoja usivute na wenzake. Ukipiga sauti ya piano, zima kupinda kabisa.

Tano, besi. Usishindane na hesabu. Pigia nyuzi nyembamba au juu ya shingo, halafu kiambie kinanda kishushe nusu toni 12. Besi inatoka nene, na inawahi.

Sita, vidole. Nyuzi usizopiga zizibe kwa kiganja, na kidole kiondoke kwa adabu. Mjomba hili hakulipenda. Alisema, "Nimepiga miaka arobaini, leo nifundishwe na sanduku?" Nilimwachia. Kesho yake alikuwa anaziba nyuzi bila kuambiwa, akijifanya haoni kama namwona.

Ndugu wa kambi ya pili wataniuliza: kwa nini tuhangaike hivyo kwa ajili ya lugha iliyotungwa na watu wa kibodi? Nawajibu kwa habari ya hapahapa nyumbani. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg, wakaja na herufi zao. Kishambaa ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Sauti ikibadilika, maana nayo inaweza kubadilika. Herufi tunazoandikia kila siku hazionyeshi hilo. Je, Washambaa waliacha kuzungumza? Waliacha kuandika barua? Waliandika, na msomaji akapandisha na kushusha mwenyewe, kwa kuwa lugha anayo kichwani. MIDI nayo ni maandishi, maandishi yenye upungufu. Sisi waandishi ndio tunaopaswa kulijua hili kuliko watu wote. Nani kati yetu amewahi kupata herufi ya kuandikia kicheko cha bibi yake? Na bado tunamwandika bibi.

Kwa hiyo nakiri wazi: yapo ambayo mashine haitayashika. Kile kidole gumba cha mjomba kinachogusa uzi na kuuzima papo hapo, mkwaruzo mtupu usio na noti, kompyuta haina namba yake. Dawa ni kurekodi njia mbili kwa pamoja: gitaa lenyewe kama lilivyo, na taarifa za MIDI kando yake. Mizimu iliyobaki utaifuta baadaye kwa mkono, moja moja, kama unavyofuta maneno ya ziada kwenye mswada.

Ila hapo nina onyo. Programu zina kitufe cha kunyoosha mapigo, kila noti ikakaa kwenye mstari kama wanafunzi wa gwaride. Kijana ukishafanikiwa kuondoa mizimu, mkono unawasha, unataka kukibonyeza. Acha! Mjomba akichelewa nukta kidogo kabla ya kurudi kwenye kiitikio, si kosa. Ndipo wachezaji wanapogeuka. Ukikinyoosha hicho, utakuwa umemfukuza kwa mlango wa nyuma baada ya kumkaribisha kwa mlango wa mbele, na wewe na yule bwana wa studio hamtakuwa na tofauti.

Mtasema mjomba ni mmoja tu. Sawa. Lakini nyimbo zake hazimo katika kitabu chochote, na ana vidole viwili ambavyo asubuhi za baridi havikunjiki tena. Wa namna yake wako Soni, wako Bumbuli, wako Korogwe, na kila mwaka wanapungua. Tukiendelea kuwaambia kwamba vyombo vyao vimekufa, watatuamini, watakaa kimya, na hicho kimya ndicho tutakachorithi.

Nyimbo tatu tumezirekodi upya, chumbani kwangu, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Fidla zimo, filimbi imo, zote zimetoka kwenye vidole vya mjomba. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Huyu ni mimi, ila amevaa koti la kuazima." Kisha akaomba turudie wimbo wa pili, kwa sababu mahali fulani alipitiwa. Tumeurudia mara nne.

Mwenye la kunijibu aandike, nitamsoma. Na yule bwana wa kibodi, akipanda huku siku moja, aje na kibodi yake. Tutampa nafasi pembeni ya mjomba, aanze kwa kusikiliza.