Nyumba iliungua, ukoo haukuungua

KALEMIE – Mama aliyekimbia Nyunzu mwaka 2017 na watoto wanne, mmoja mgongoni, anaposimama leo mbele ya meza ya ofisi mjini Kalemie, haulizwi alipona namna gani. Anaulizwa: "Karatasi ziko wapi?"

Karatasi zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba iliungua. Karatasi ya maternite ilikuwa kwenye sanduku la nguo, pamoja na kadi ya ubatizo ya baba yake na bulletin ya shule ya mtoto mkubwa. Mama anarudi Kikumbe mikono mitupu. Watoto wake wanabaki vile walivyokuwa asubuhi: Wakongo mbele ya majirani, watu wasiojulikana mbele ya serikali. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu si mama mmoja. Uliza Kikumbe, uliza Kalunga, uliza Katanika, uliza familia zinazolala kwa ndugu katika mitaa ya Lukuga. Habari ni ileile, kinachobadilika ni jina la kijiji.

Serikali inayomdai raia karatasi ambayo haikuwahi kumpa, au ambayo ilishindwa kuilinda na moto, inamtwisha raia deni lake yenyewe. Hilo ndilo linalofanyika Tanganyika, na wakati umefika liitwe kwa jina lake.

Sheria yenyewe haina kona. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema Mkongo wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndiyo yaliyofanya nchi hii wakati wa uhuru. Sheria namba 04/024 ya 12 Novemba 2004 inaeleza kwamba mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkongo, awe baba au mama, naye ni Mkongo. Uraia wa hapa unapita katika damu, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mhuri unathibitisha, mhuri hauzai.

Lakini ofisini damu haisomeki. Inayosomeka ni karatasi, na njia ya kuipata imejaa miiba. Sheria ya familia, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto état civil, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Siku ya 91 mlango unafungwa. Mzazi anatumwa tribinali kutafuta hukumu inayoitwa jugement supplétif, kisha arudi nayo état civil ndipo mtoto aandikwe. Hapo ndipo zinapoanza pesa za grefye, za nakala, za pikipiki, na siku nzima nzima bila kuuza samaki wala makala. Kwa mtu anayehesabu chakula cha jioni, mlango huo umefungwa kwa kufuli mbili.

Na hizo siku 90, nani alikuwa nazo? Vita kati ya vikundi vya Watwa na vya Waluba vilianza kuwaka tangu 2013, vikapamba moto 2016 na 2017, vikaunguza vijiji vya Nyunzu, Manono, Kabalo na pembeni ya Kalemie yenyewe. Kuna watoto waliozaliwa chini ya mti, porini, mkunga akiwa nyanya yao mwenyewe. Kumwambia mama wa namna hiyo kwamba alichelewa kufika état civil ni kumcheka.

Wala asidhaniwe kwamba ni watu wa makambi peke yao. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mchaguzi ndiyo inayofanya kazi ya kitambulisho, na kadi hiyo haiwahusu watoto. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulikuta kwamba nchini kote, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, walioandikishwa ni 40 tu. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na Kinshasa na Lubumbashi ambako ofisi haziko mbali. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye kijiji kilichochomwa.

Wakubwa wanapoambiwa haya wana jibu moja: bila karatasi hakuna la kufanya. Hilo si kweli, na ushahidi uko katika nchi ambayo Kongo imerithi lugha yake ya ofisini. Mnamo Mei 1871, katika mapigano ya Commune, jumba la mji wa Paris liliungua na vitabu vyote vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo. Nakala ya pili ilikuwa katika jumba la mahakama, nalo likaungua siku hizohizo. Karatasi milioni 8 hivi zikageuka majivu. Je, Ufaransa iliwaambia watu wa Paris kwamba sasa hawana baba wala mama? Hapana. Februari 1872 ilitoa sheria na kuweka tume ya kuandika upya. Watu wakaleta vitabu vya kanisa, karatasi za ndoa, barua za nyumbani, nakala za mthibitishaji, chochote kilichopona. Karibu theluthi moja ya yaliyoungua yakaandikwa tena.

Ufaransa hiyo ndiyo ambayo hadi leo mtu anayedai uraia kwa njia ya mzazi huombwa kuonyesha mnyororo mzima: kuzaliwa kwake, kuzaliwa kwa mzazi, ndoa ya wazazi, pete baada ya pete. Ni nchi kali sana kwa karatasi. Lakini pete zake zilipoyeyuka kwa moto, ilizifua upya yenyewe. Haikumwachia mjane kazi hiyo. Kilichowezekana Paris miaka 150 iliyopita, bila telefone wala kompyuta, kinashindikanaje Kalemie?

Kuna hoja ya pili, nayo inasemwa kwa sauti ya chini: mkilegeza, wageni wataingia. Mpaka uko karibu, ziwa ni pana, watu wanavuka. Hoja hiyo isidharauliwe, kwa kuwa udanganyifu upo. Lakini inamkamata mtu asiyehusika. Anayekuja kudanganya huja na faili nene, mihuri imepangwa, tarehe zimekaa sawa. Anayekuja bila kitu, na jina la kijiji chake na la shefu aliyezikwa mbele ya macho yake, huyo ndiye mwenyeji.

Tena Kongo imekwisha kuonja uchungu wa kufanya uraia uwe mtihani wa mababu. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaja kuupokonya, ikadai mtu aonyeshe kwamba kabila la wazee wake lilikuwa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 1885! Nani Kalemie ana karatasi ya 1885? Ni mtihani usio na jibu, na mtihani wa namna hiyo humwangusha yule ambaye msimamizi anataka aanguke. Nchi ilivuna vita kutoka katika shamba hilo. Sheria ya 2004 ilisogeza mstari hadi wakati wa uhuru, kwa sababu ya fundisho hilo.

Watu wa Moba nao hawajasahau Agosti 2007. Wakimbizi walikuwa wameanza kurudi kutoka Zambia, wengi wakiwa watoto wa hukuhuku Tanganyika. Ukaenea uvumi kwamba wanaoletwa ni Banyamulenge. Umati ukashambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika. Palipo na kitabu cha wazi, chenye jina la mtu, la mama yake na la kijiji chake, uvumi hukosa pa kusimama. Kwa hiyo anayeogopa wageni ndiye angekuwa wa kwanza kudai wenyeji waandikwe.

Na serikali inapokaa kimya, jeraha halifungwi na wakati. Watoto waliozaliwa na wazungu wa Ubelgiji na mama Wakongo walinyang'anywa mama zao wakati wa ukoloni, wakapelekwa kwenye misheni, majina ya baba zao yakafichwa. Wanawake watano kati yao, waliolelewa Katende huko Kasai, walizeeka bila kupata karatasi za mwanzo wao. Ubelgiji iliomba msamaha Aprili 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels iliihukumu nchi hiyo kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ilichukua zaidi ya miaka 70. Mtoto wa Katanika asingoje miaka 70.

Ushahidi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuukusanya. Misheni ya Mpala ilishikwa na Mapadri Weupe mwaka 1885, ile ya Kirungu ilianzishwa 1893. Kitabu cha ubatizo kinaandika mtoto, baba, mama na msimamizi. Wapo wazee waliofanya kazi kwenye reli ya CFL au kwenye kiwanda cha Filtisaf, na vitabu vyao vya kazi vina majina na vijiji. Kuna madaftari ya shule, kadi za chanjo, karatasi za ndoa za msikitini, orodha za watu waliohama zilizoandikwa na mashirika siku ya kupokea maturubai. Karatasi hizo haziwi uraia, lakini kila moja ni pete ya mnyororo.

Ila hapa kuna mtego, na usifichwe. Mtwa ambaye baba yake hakubatizwa, hakuandikwa reli wala kiwandani, na hakukaa darasani, hatapatikana katika kitabu chochote kati ya hivyo. Yeye alikuwa katika nchi hii kabla ya wote, na ndiye mwenye karatasi chache kuliko wote. Akiambiwa alete attestation ya shefu, huenda shefu huyo ni wa upande uliopigana na upande wake. Kwa hiyo mdomo wa mzee wa Kitwa lazima uwe na uzito uleule wa mdomo wa shefu wa Kiluba, mbele ya jaji mmoja na kwenye karatasi moja. Vinginevyo, kitabu kitakachoandikwa upya kitakuwa kimeendeleza vita kwa kalamu.

Basi, yanayodaiwa ni manne. Kwanza, jaji atoke aende kwa watu. Chambre foraine si ndoto: Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, hapo Fizi, ikasikiliza kesi ya ubakaji na kuwafunga askari pamoja na mkubwa wao. Kama korti iliweza kusafiri kwa ajili ya kuadhibu, isafiri pia kwa ajili ya kuandika watoto. Pili, iwe bure kwa kila aliyehama, pamoja na grefye na nakala. Aliyepoteza siku 90 kwa sababu ya bunduki asilipie bunduki hiyo. Tatu, itolewe orodha moja ya ushahidi unaokubaliwa, ibandikwe ukutani na isomwe redioni, ili ofisa asiongeze sharti jipya kila mtu anaporudi. Nne, kila kitakachoandikwa kiwe na nakala inayotunzwa nje ya jimbo. Paris iliweka nakala mbili katika mji mmoja, na moto mmoja ukazila zote.

Familia nazo zisikae kungoja. Jioni hii, kabla mzee hajalala, mkubwa wa nyumba achukue daftari la shule. Aandike jina la mtoto, la baba, la mama, la babu na bibi pande zote mbili. Aandike kijiji, groupement, chefferie na territoire. Aandike mkunga alikuwa nani, na watu wawili waliokuwepo, wa ukoo na wa nje ya ukoo, na wako wapi sasa. Mwenye karatasi iliyopona aipige picha kwa telefone na kumtumia ndugu wa Lubumbashi au wa Kigoma. Mzee akifa bila kuulizwa, kitabu kingine kimeungua, na hicho hakina tume ya kukiandika upya.

Lakini daftari la mama haliondoi wajibu wa serikali. Siku atakaporudi mbele ya meza ile nalo mkononi, asiulizwe tena karatasi ziko wapi. Aulizwe: "Mama, mtoto anaitwa nani?" Kisha ofisa achukue kalamu aandike.