Gitaa moja, mikono mingi

Tusingoje kinanda cha umeme. Huku kwetu Masisi na Walikale mafuta ya jenereta ni ghali, na vita vikituhamisha, gitaa hubebwa mgongoni. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na gitaa lake moja likasikika kama mawili.

Anayeanza, basi, asijitwishe mengi. Akate kucha za mkono unaobonyeza, alinganishe nyuzi kwanza (gitaa lisilolinganishwa humkatisha tamaa hata mwenye kipaji), na abonyeze uzi karibu na chuma cha shingoni, si juu yake. Ajifunze akordi mbili, kisha kuhama polepole kutoka moja hadi nyingine, robo saa kila siku. Ncha za vidole zitauma kwa majuma machache, halafu zitakuwa sugu.

Kikundi chenye gitaa moja kigawane zamu, wasichana wakiwemo. Hatukubaliani na desturi ya kulifungia nyumbani kwa mpigaji mmoja: siku akikimbia, kwaya nzima hubaki bubu. Na uzi mmoja ukikatika, mazoezi yaendelee kwa zile tano zilizosalia.