Kariba: Mgeni Alikuja, Mwenyeji Hakupona

Tazama tangazo lolote la utalii kuhusu Kariba. Utakutana na boti za kulala wageni, machweo mekundu nyuma ya miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, tembo ufukoni, na matajiri wanaovua samaki kwa kujiburudisha. Utaelezwa kwamba hili ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu, lenye urefu wa takribani kilomita 280 kati ya Zambia na Zimbabwe. Hutaelezwa ni makaburi ya nani yaliyolala chini ya maji hayo. Nashikilia kwamba ukimya huo si wa bahati mbaya, kwani starehe hainunuliki kwa urahisi pale mnunuzi anapojua bei aliyolipa mwingine.

Ukuta wa Kariba ulijengwa katika Mto Zambezi kuanzia 1955 hadi 1959, zama za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, kwa fedha zilizojumuisha mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 80. Umeme wake ulikusudiwa kwanza migodi ya shaba na viwanda. Watonga wapatao 57,000, wa kingo zote mbili, waliondolewa katika mashamba yaliyorutubishwa na mto. Katika eneo la Chifu Chipepo watu walikataa kuhama. Septemba 1958 polisi walifyatua risasi, na Watonga wanane wakauawa. Maji yalipopanda, dunia iliguswa na Operesheni Nuhu, iliyookoa wanyamapori zaidi ya 6,000. Sina ugomvi na kuokolewa kwa swala. Ugomvi wangu ni na dhamiri iliyomwona swala, isimwone Mtonga akipakiwa ndani ya lori.

Wapo watakaosema hayo ni madhambi ya mkoloni, nasi tuyaache makaburini. Hoja hiyo haina miguu. Zambia ilipata uhuru 1964, na Zimbabwe 1980. Kwa nini basi hadi leo vipo vijiji vya Watonga, Binga na Gwembe, visivyo na umeme wala maji ya uhakika, ilhali bwawa li karibu nao? Mkoloni aliondoka, mgawanyo wa faida alioupanga ukabaki.

Wengine watasema utalii huleta ajira. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakuji kwa kusubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao huko huitwa kapenta, walipandikizwa Kariba wakazaliana kwa wingi. Lakini huvuliwa usiku kwa taa na kwa vyombo vinavyohitaji mtaji, na Mtonga aliyenyang'anywa mto hakupewa mtaji. Chakula kilichotoka kwetu kilifika mlangoni pake, kikampita.

Ndugu msomaji, nayaandika haya kwa sababu nasi Watanzania sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Hatukuhamisha makumi elfu ya watu, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, miongoni mwa faida tunazotajiwa ni uvuvi na utalii, nami nauliza: faida ya nani? Mkulima wa bonde la chini huhitaji mafuriko ya wastani yarutubishe shamba lake, na huangamizwa na mafuriko makubwa kama yale ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti. Hatima yake sasa imefungamana na milango ya bwawa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu kabla boti ya kwanza ya starehe haijaelea. Ratiba ya kufungulia maji itangazwe mapema, kwa lugha inayoeleweka na wanakijiji. Sehemu ya mapato ya umeme na utalii itengwe kisheria kwa halmashauri za bonde hilo. Na leseni za uvuvi zianze na wavuvi wa Rufiji, pamoja na mikopo ya kuwawezesha kuzitumia.

Tusipoyadai sasa, mikataba itasainiwa bila wao, nasi wasomi tutabaki kuandika tasnifu kuhusu umaskini wao.